Maswali ya Wasomaji: Mtu wa Tanga Anapohamia Thailand

Katika toleo lililopita tulichapa habari fupi ya vijana wa mkoa wetu wanaokwenda Thailand kusoma, kufundisha na kufanya biashara. Barua zilizotufikia baada ya hapo hazikuuliza sana juu ya nauli wala mishahara, bali juu ya siku yenyewe inavyokwenda: mtu akishatoka kazini anakula nini, anakaa na nani, anapumzika wapi, na ni lipi linaloweza kumtia matatani bila yeye kujua. Niliishi Bangkok na Chanthaburi kwa shughuli za vito kabla ya kurejea Tanga, na kwa sababu hiyo mhariri ameniomba nijibu. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba wenyewe.

Swali: Assalaam aleykum. Binti yangu amepata nafasi ya chuo kikuu Bangkok na ataondoka baada ya Idi. Ninachohofia si masomo, ni chakula na ibada. Nasikia nchi yenyewe ni ya Mabudha na nyama ya nguruwe imo katika kila chungu. Atafungaje peke yake, na je, hijabu haitamletea tabu?
*Mama wa binti, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani*

Jibu: Waaleykum salaam, dada yangu. Ni kweli kwamba Mabudha ndio wengi, lakini katika kila watu ishirini wa Thailand mmoja hivi ni Mwislamu, na Waislamu hao si wageni wa jana. Wana kiongozi wao anayetambuliwa na serikali, mwenye cheo cha Chularatchamontri, naye ndiye anayetangaza mwandamo wa mwezi kama Mufti anavyotangaza kwetu. Mikoa ya kusini kabisa ya Pattani, Yala na Narathiwat wakazi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Kimalei, ingawa huko simshauri aende kutembea bila mwenyeji, kwa kuwa machafuko ya silaha yaliyoshika kasi mwaka 2004 hayajakwisha. Bangkok kwenyewe, Waislamu wengi wanaoishi kandokando ya mfereji wa Saen Saep ni wajukuu wa watu waliohamishwa kutoka Pattani katika karne ya 19, na mfereji huo hadi leo ni njia ya usafiri ya kila siku.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni la makazi. Akiweza, apange upande wa Ramkhamhaeng, ambako kuna Kituo cha Kiislamu chenye msikiti mkubwa na wauzaji wengi wa chakula cha halali, hata kama chuo chake kitakuwa mbali kidogo. Asubuhi atapanda boti ya mferejini, ambayo haijui foleni ya magari. Boti hizo ni ndefu na nyembamba. Kondakta huvaa helmeti na kutembea juu ya ukingo wa nje akikusanya nauli, na abiria walioketi pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki kila boti mbili zinapopishana, maana maji ya mfereji ule si ya kumrukia mtu aliyekwisha kupiga pasi nguo zake.

Kuhusu chungu, hofu yako ina msingi. Nyama ya nguruwe huingia hata pale usipoitazamia: katika mchuzi wa tambi, katika mafuta ya kukaangia, na katika karai lililopikia chakula cha mteja aliyetangulia. Ajizoeze kutafuta alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu, inayowekwa kwenye pakiti za dukani na kwenye mabango ya mikahawa na vibanda. Ataona pia vibanda vyenye bendera ndogo za manjano zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, na hivyo ni vya chakula kisicho na nyama yoyote. Vinamfaa mwenye njaa aliye mbali na mtaa wa Waislamu, ila ajue kwamba havikukaguliwa kwa halali.

Akishavuka hapo, mtoto wa Tanga hatapata shida ya ladha, na pengine ndilo jambo litakalomshangaza kuliko yote. Wapishi wa Kiislamu wa kule huuza wali wa manjano uitwao khao mok kai, uliopikwa kwa bizari pamoja na kuku, ukamwagiwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, na pembeni huwekewa kibakuli cha mchuzi wa kijani wenye nanaa, sukari, siki na pilipili. Akiula siku ya Ijumaa baada ya swala atajihisi yuko kwenye walima wa Msambweni. Tui la nazi linaingia katika mchuzi, katika wali na katika vitamutamu. Hata mbuzi ya kukunia nazi wanayo, ya kukaliwa kama yetu, isipokuwa ya kwao ya zamani huchongwa kwa umbo la sungura. Muhogo nao upo kwa wingi kupindukia, kwani Thailand inaongoza duniani kwa kuuza nje bidhaa za muhogo, lakini wenyewe hawaufanyi chakula cha mchana: huuchemsha katika shira mpaka ung'ae, kisha wakaumwagia tui zito lenye chumvi kidogo. Kinachokosekana ni ugali. Unga wa mahindi wa kusongea haupatikani katika maduka ya kawaida, kwa hiyo mfungie kilo chache kwenye begi.

Ramadhani haitamlemea. Mchana wa Bangkok hautofautiani sana na wetu, na saa za kufunga huwa kama 13 au 14, si kama Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi. Futari ya pamoja huandaliwa misikitini na mgeni hukaribishwa. Idi ndiyo itakayokuwa na upweke, kwa sababu si sikukuu ya taifa, na ni mikoa ya kusini tu inayofunga ofisi. Aombe ruhusa chuoni mapema, asisubiri mwezi uandame.

Hijabu haina tatizo. Wanafunzi wa Kiislamu huivaa vyuoni na hakuna atakayemuuliza. Akialikwa na wenzake kwenda kutazama hekalu, aende akipenda, avue viatu na afunike mabega, na jambo moja alishike sana: mwanamke hamgusi mtawa wa Kibudha wala hampi kitu mkono kwa mkono. Hata ndani ya basi, mwanamke hakai kiti kilicho ubavuni mwa mtawa.

Swali: Shikamoo mjomba. Nimepata mkataba wa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya binafsi Bangkok. Wenzangu wananiambia niingie kwa viza ya utalii, nianze kazi, na karatasi zitafuata. Zaidi ya hapo naomba kujua mtu mwenye mshahara wa wastani anatumiaje jioni na mwisho wa wiki bila kumaliza fedha yote.
*Mwalimu mtarajiwa, Chumbageni*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wanakupeleka pabaya. Anayefanya kazi Thailand bila kibali cha kazi hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwao, na hata kazi ya kujitolea huhesabiwa kuwa kazi. Mwambie mwajiri akuletee barua zake, kisha uombe viza ya kazi kabla ya kuondoka; maombi ya Watanzania hushughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake huulizwa kadi hiyo wanapowasili.

Ukishaingia, kuna tarehe za kushika kichwani kama unavyoshika za kodi ya nyumba. Mgeni anayekaa mfululizo zaidi ya siku 90 huripoti anwani yake Uhamiaji kila baada ya siku 90, na akichelewa hulipa faini ya baht 2,000. Mwenye nyumba naye anapaswa kutoa taarifa ndani ya saa 24 kwamba amempokea mgeni, na wengi hawafanyi hivyo mpaka wakumbushwe; kumbusha siku ile ile unapopewa ufunguo, maana kuna siku Uhamiaji watakuuliza wewe na si yeye. Kuzidisha siku za viza ni baht 500 kwa kila siku hadi kufikia 20,000. Tena kuna mtego unaowanasa hata wenye akili: ukitoka nje ya nchi, hata kwa mazishi ya ghafla, bila kuchukua kwanza kibali cha kuingia tena, ruhusa yako ya kukaa inafutika pale pale mpakani. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari nyingi, na mimi naona mwalimu anayejali amani yake anunue cha safari nyingi mara moja.

Sasa jioni zako. Anza na bustani ya Lumphini, iliyo katikati ya jiji na isiyo na kiingilio. Jua likipungua, watu wa kila umri hukusanyika kukimbia, kunyanyua vyuma na kufanya mazoezi ya viungo kwa muziki wakimfuata mwalimu aliyepanda jukwaani, na kenge wakubwa hutoka majini wakapita nyasini pasipo mtu kushtuka. Ikitimu saa kumi na mbili kamili, vipaza sauti hupiga wimbo wa taifa. Hapo waliokuwa wakikimbia husimama wima jasho likiwatiririka, wimbo ukiisha kila mtu huendelea pale alipoachia. Wimbo huo hupigwa pia saa mbili asubuhi, katika vituo vya treni na maeneo mengi ya umma. Wewe uliyezoea kusimama bendera inaposhushwa kituo cha polisi cha Chumbageni hutahitaji kufundishwa.

Katika bustani na viwanja vya mitaani utaona vijana wakicheza sepak takraw, mchezo wa kuvusha mpira mwepesi wa kusukwa juu ya wavu kwa miguu, magoti na kichwa bila kutumia mikono. Simama utazame, mara nyingi utaitwa kabla hujaomba. Jumamosi na Jumapili kuna soko la Chatuchak lenye maelfu ya vibanda, ambako unaweza kushinda kutwa kwa bei ya sahani ya wali na maji. Kukandwa kwa jadi ya Thailand, ambako UNESCO ilikuingiza katika orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2019, hufanywa mtu akiwa amevaa nguo zake, na katika nyumba za kawaida za mtaani saa nzima haimfilisi mwalimu. Chagua nyumba wanayoingia wazee na wanawake, basi. Mitaa ya usiku inayotajwa sana na watalii sina la kukueleza zaidi ya kwamba ndiko mshahara wa mwalimu unakopotelea.

Jambo moja halina mzaha. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kinampa kifungo cha miaka 3 hadi 15, kwa kila kosa, anayemkashifu Mfalme, Malkia au mrithi wa kiti, na watu wamefungwa kwa maneno waliyoandika au kusambaza mtandaoni. Wenzako wakizungumza habari hizo, nyamaza. Noti ikikudondoka na upepo ukaipeperusha, usiikanyage ili kuisimamisha, kwa sababu ina picha ya Mfalme. Ikimbilie kwa mkono.

Swali: Mhariri, salaam. Kijana wetu wa barazani yuko huko Thailand karibu na bandari ya Laem Chabang kwa kazi za meli. Anasema siku za mapumziko zinamkalia vibaya kwa kuwa hakuna baraza. Tunataka kumpelekea bao na karata, lakini mmoja wetu anadai kwamba huko karata ni jinai. Tunaomba ukweli. Ajue pia atautazamaje mpira.
*Wazee wa baraza, Raskazone*

Jibu: Shikamooni, wazee wangu. Aliyesema hivyo hakukosea sana. Thailand ina sheria inayomkataza mtu kumiliki karata zaidi ya 120 bila kibali, na kwa kuwa pakiti moja ina karata 52, anayefungua pakiti ya tatu amekwisha kuvunja sheria hata kama anacheza na mke wake sebuleni. Msidhani ni sheria iliyolala kabatini. Mwaka 2016, katika mji wa Pattaya ambao uko jirani kabisa na alipo kijana wenu, polisi na askari waliwavamia wageni 32, wengi wao wazee, waliokuwa wakicheza karata aina ya briji katika klabu yao, wakawazuia kituoni kwa saa kadhaa hadi walipopata dhamana. Fedha za kamari hazikuonekana mezani. Karata ndizo zilizozidi. Kamari yenyewe imekatazwa kwa sheria nyingine ya mwaka 1935, na kinachoruhusiwa ni bahati nasibu ya serikali, inayochezeshwa tarehe 1 na 16 ya kila mwezi, na mbio za farasi zenye kibali. Ninalitaja hili kwa sababu najua tabia ya vijana wetu na mikeka yao ya simu: ule mchezo anaoufanya akiwa hapa Tanga akisubiri chai ya tangawizi, kule ni kosa la kupelekwa mahakamani.

Kwa hiyo pelekeni bao, na karata ziacheni nyumbani. Lakini hata bila bao, baraza lipo, ila halionekani kwa aliyezoea vibaraza vya nyumba za Tanga. Atazame mwanzo wa uchochoro wowote wanapoegesha waendesha pikipiki za abiria, wenye vizibao vya rangi ya chungwa vilivyoandikwa namba. Hao ndio bodaboda wa kule, nao hupakia kwa zamu, kwa hiyo anayesubiri zamu yake ana muda mrefu wa kupoteza. Kati ya viti vyao mara nyingi kuna kipande cha ubao kilichochorwa miraba, na juu yake vizibo vya soda, vya mchezaji mmoja vikiwa vimefunikwa na vya mwenzake vikiwa vimefunuliwa. Ni drafti, wazee wangu! Tofauti ya kwanza atakayoiona ni kwamba kila upande huanza na kete 8 badala ya 12, zikiwa zimepangwa katika mistari miwili tu, na uwazi huo wa katikati humfanya mchezaji wa kwetu aingie kichwakichwa. Kingi wao hukimbia mbali kwenye mshazari, lakini akila kete ni lazima atue kwenye mraba unaofuata mara moja nyuma ya ile aliyoila, hana ruhusa ya kuchagua mahali. Mambo haya mawili yanabadilisha hesabu yote ya mwisho wa mchezo, na bingwa wa Raskazone ajiandae kufungwa mpaka macho yake yazoee.

Namna ya kujiunga ni ile ile ya kwetu. Asimame kando, atazame michezo kadhaa kimya, asimwashie mtu taa hata kama ameona kete ya bure, na siku ya pili au ya tatu aje na mfuko wa kahawa ya barafu kwa ajili ya wote. Lugha haitahitajika sana. Wakishamzoea watamwita kaka mkubwa au mdogo kulingana na umri watakaomkadiria, na yeye awaite hivyo hivyo, kwa kuwa nchi ile kumwita mtu jina tupu bila kutanguliza heshima ya umri huonekana ni ukosefu wa malezi, kama ilivyo hapa.

Mpira hautamkosa. Wathailand wanaipenda ligi ya Uingereza kama sisi, na waliokuwa na shaka walinyamaza mwaka 2016, Leicester City ilipotwaa ubingwa ikiwa mikononi mwa tajiri wa Thailand, marehemu Vichai Srivaddhanaprabha. Kikwazo ni saa. Mechi inayoanza saa moja usiku Tanga, kwake ni saa tano usiku, na ile ya saa tano usiku ya kwetu anaitazama saa tisa alfajiri, halafu aende bandarini akiwa na macho mekundu. Ligi yetu inampendelea zaidi: Coastal Union ikishuka Mkwakwani saa kumi jioni, kwake ni saa mbili usiku, ameshaoga na ameshakula.

Swali: Mimi ni mtu wa Makorora, niko Bangkok. Nilipohama chumba nilichopanga, mwenye nyumba hakunirudishia dhamana yangu ya miezi miwili, na kabla ya hapo alikuwa akinitoza umeme ghali. Nilimkabili mbele ya watu, akawa anatabasamu tu. Tangu hapo hapokei simu. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Kwa kisa hiki nina maneno mengi kidogo, kwa sababu nimeona watu wengi wa pwani wakiharibikiwa hapa, ilhali malezi yetu ndiyo yangepaswa kuwaokoa.

Dhamana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi mmoja mbele ndiyo desturi ya kule. Umeme nao una mtindo wake: mwenye nyumba akipitisha bili kwake, uniti hupanda bei kuliko anavyolipa yeye shirikani, na jambo hilo huandikwa katika mkataba ambao mgeni husaini bila kusomewa. Hilo la umeme huenda limeshapita. Dhamana bado unaweza kuidai, lakini umefunga mlango kwa namna ulivyobisha. Kule, anayepandisha sauti hadharani ndiye anayehesabiwa kuwa ameshindwa, awe na haki au asiwe nayo, na anayekemewa mbele za watu hupoteza heshima ambayo hatakuwa tayari kuinunua kwa kukupa fedha. Lile tabasamu halikuwa dharau wala kukubali. Lilikuwa njia ya kuumaliza ugomvi ule pasipo kuujibu.

Nyumbani Makorora mtu mzima akidhulumiwa na mkubwa mwenzake hatoki barabarani kupiga kelele. Humtuma mtu: mzee wa mtaa, shemeji, jirani anayeheshimiwa na pande zote. Fanya hivyo hivyo. Tafuta Mthailand mwenye umri na kazi yenye heshima, mwalimu au meneja wa mahali ufanyapo kazi, aende naye akazungumze kwa upole, akiwa na nakala ya mkataba, risiti za kodi na picha za chumba ulivyokiacha. Ukisalimiana naye tena, tanguliza salamu yao ya kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, na usianze na fedha. Ikishindikana kabisa, ipo Ofisi ya Bodi ya Ulinzi wa Walaji inayopokea malalamiko ya wapangaji, na ipo mahakama. Lakini kwa uzoefu wangu mjumbe mwenye mvi hufika mbali kuliko barua ya wakili.

Swali: Nachimba vito kando ya mto Umba wilayani Mkinga na nimeshawishiwa nikakae Chanthaburi niuze mwenyewe. Maisha ya huko yakoje nje ya biashara?

Jibu: Chanthaburi ni mji mdogo wenye mto, kama kilomita 245 kusini-mashariki ya Bangkok, na soko la vito huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Wanunuzi ndio wanaokaa mezani, na wauzaji na madalali huzunguka na vijikaratasi vilivyokunjwa vyenye mawe ndani, wakivifungua mmoja baada ya mwingine chini ya taa. Yakuti ya Umba wanaijua vizuri, na utakuta Waafrika wengi, hasa wa Afrika Magharibi, walioishi hapo miaka mingi, kwa hiyo hutakuwa mgeni pekee wala hutakosa msikiti. Toka na vibali vya Tume ya Madini vilivyokamilika, na usikubali kushika kazi ya kukata mawe ukiwa huko, kwa kuwa ukataji wa vito umo katika kazi zilizotengwa kwa raia, pamoja na kunyoa, kuendesha abiria, kuongoza watalii na kutembeza bidhaa barabarani.

Katikati ya wiki mji hutulia mno. Wengine huenda kwenye maporomoko ya Phlio kuoga na kulisha samaki, wengine pwani ya Chao Lao. Msimu wa matunda, kama mwezi Mei na Juni, mji mzima hunuka doriani, na ndipo utakapowajua marafiki zako wa kweli, kwani atakayekualika shambani kwao kula doriani ana nia njema nawe. Usilipeleke hotelini; hoteli nyingi hulikataza.

Swali: Mjomba, je, ni kweli kwamba mwezi Aprili watu humwagiana maji barabarani, na mtu anaweza kukataa?
*Msichana wa Pangani*

Jibu: Ni kweli, binti yangu. Ni mwaka mpya wao wa jadi, Songkran, tarehe 13 hadi 15 Aprili, wakati wa joto kali kuliko wote. Asubuhi vijana humimina maji ya manukato kwenye viganja vya wazee wao na kuomba radhi. Mchana ni ndoo na bastola za maji. Kukataa barabarani hakuwezekani. Funga simu kwenye mfuko wa plastiki au ubaki ndani, na usipande pikipiki siku hizo, kwa sababu ajali huzidi sana.

Swali: Wanatubagua?
*Msomaji, Duga*

Jibu: Matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi yamejaa kila mahali, watoto watakukodolea macho kwenye treni, na kuna kazi ambazo mwajiri ataomba picha yako kwanza na usisikie tena kutoka kwake. Sitakuficha hayo. Matusi ya uso kwa uso ni nadra, na mtaani kwako, ukishajulikana unakonunua wali, mambo hubadilika. Polisi wakikusimamisha kukagua pasi, ambalo hutokea kwa Waafrika zaidi ya wageni wengine, toa nakala na viza yako kwa utulivu. Na mtu asikubebeshe mzigo wake kwenye ndege, awe ndugu au rafiki. Magereza ya kule yana Waafrika waliokubali kubeba begi wasilolijua.

Swali: Ni yule mama wa binti tena. Nimesahau kuuliza: nimpigie simu saa ngapi?

Jibu: Kule wametutangulia saa nne. Ukisubiri umalize kazi zako za usiku umpigie saa tatu, kwake ni saa saba usiku na utamwamsha. Mpigie saa kumi na moja jioni ya Tanga, atakuwa saa tatu usiku amekwisha rudi, au alfajiri ukitoka kuswali, kwake itakuwa saa tatu asubuhi, kama hayumo darasani. Jumapili ndiyo siku nzuri zaidi.